Hita ya bagi huanzia kwenye rejeta

Watu wa Nairobi hawana imani na hita. Mtu akinunua gari lililotumika Japani atauliza kama eyakondishena inapoza, atauliza linakunywa mafuta kiasi gani, atasikiliza hata redio, lakini hita hakuna anayeiuliza. Kile kitufe chenye rangi nyekundu na buluu hubaki palepale kilipoachwa na mwenye gari wa kwanza. Kisha Julai inaingia, mawingu yanakaa juu ya jiji siku nenda siku rudi, alfajiri joto linateremka hadi nyuzi 12 na wakati mwingine chini ya hapo, na ghafla kila mtu anatafuta namba ya fundi.

Mimi ni mmoja wa mafundi hao. Gereji yangu iko Kariobangi Light Industries, katikati ya wachomeleaji na wale wanaochonga vyuma kwa leith, na kazi yangu kubwa ni kila kitu kinachopoza injini: rejeta, pampu za maji, mipira, feni. Mtu anayepoza injini ndiye huyohuyo anayepaswa kujua kupasha kabini, kwa sababu maji ni yaleyale: yanayobeba joto la injini ndiyo yanayopasha hita. Wateja wengi hawalijui hilo, na mafundi wengine wanajifanya hawalijui.

Bagi ninayotaka kuisimulia ililetwa juu ya kanta kutoka shamba la ng'ombe wa maziwa upande wa Tigoni. Kwa asiyeijua, bagi ni kile kigari cha shamba ambacho dereva na abiria hukaa bega kwa bega, nyuma kuna kisanduku cha mzigo. Wauzaji huiita UTV. Utaikuta kwenye mashamba ya maua, viwanja vya gofu na hifadhi za wanyama. Zipo zinazotoka kiwandani na kabini kamili, kwa mfano Kubota RTV-X1100C ya dizeli, ambayo huja na hita na eyakondishena. Hii haikuwa ya daraja hilo. Ilikuwa ya petroli, injini nyuma ya viti, rejeta mbele kabisa, na kati yake mabomba marefu ya maji yakipita chini ya sakafu. Kabini iliongezwa baadaye: kioo cha mbele, paa la plastiki, milango ya turubai yenye zipu. Hita nayo iliongezwa, kisanduku chini ya deshibodi chenye kijirejeta na feni ndogo ya volti 12.

Msimamizi wa shamba, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikuja na agizo tayari. "Fundi, hita inapuliza baridi. Dereva wangu anaenda kukusanya maziwa saa kumi na moja asubuhi akiwa amejifunga shuka mbili. Weka feni kubwa zaidi."

"Mama, niachie kwanza niiangalie. Hiyo feni tutaiongea mwishoni."

Feni haizalishi joto, inalihamisha tu. Kama maji yanayoingia kwenye kijirejeta cha hita ni vuguvugu, feni kubwa itakupulizia hewa ya vuguvugu kwa kasi zaidi, na ngozi itaisoma kama baridi. Joto lenyewe halikosekani. Katika injini ya petroli, kwa hesabu ya jumla, theluthi moja ya nguvu ya mafuta hufanya kazi ya kusukuma gari, theluthi hutoka na moshi wa ekzosi, na theluthi nyingine huchukuliwa na maji. Lita 3 tu za maji kwa dakika zikipita kwenye hita na kuacha humo nyuzi 15, umepata kama kilowati 3. Kwa kabini ya watu wawili hiyo ni neema tupu. Kwa hiyo hita ikipuliza baridi, swali ni moja: joto limeishia wapi njiani?

Jibu la kwanza hupatikana kwa mikono mitupu. Niliwasha injini, nikaiacha ingurume mpaka ilipopaswa kuwa imepata moto, kisha nikashika mipira miwili ya hita, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Ukikuta wa kuingiza unachoma na wa kutoa ni baridi, maji hayapiti; kuna taka au hewa imekwama. Ukikuta yote miwili inachoma na bado hewa ni baridi, tatizo liko upande wa hewa: mapezi ya kijirejeta, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yamejaa vumbi, feni imechoka, au kile kilango cha kugeuza hewa kimekwama. Hapa mipira yote miwili ilikuwa vuguvugu sawasawa. Maji yanapita vizuri, ila hayana moto. Injini yenyewe ni baridi.

Wakati huo feni kubwa ya rejeta ilikuwa inavuma tangu ufunguo ulipozungushwa. Ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na swichi, mtindo ambao huku mjini tunauita "feni direct". Feni ya rejeta inatakiwa kungoja amri ya sensa, maji yakishafika nyuzi tisini na kitu, halafu ijizime yakipoa. Ikifungwa direct, inapoza injini ambayo haijapata joto la kupozwa, tena kwenye ukungu wa Tigoni.

Nilifungua boliti mbili za nyumba ya thamostati. Ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na duara la kutu tu pale raba yake ilipokaa zamani.

Dereva, kijana mpole, akachungulia. "Mzee, hiyo ilitolewa. Tuliambiwa huku kwetu haina kazi, ni ya nchi za barafu."

Maneno hayo nimeyasikia gereji nyingi kuanzia Grogan hadi Dagoretti, na yananichosha. Thamostati haiwekwi kwa sababu ya barafu. Ni mlango wa maji unaobaki umefungwa mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa kawaida nyuzi 82 au 88, ndipo unafunguka na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanazunguka mpaka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini ndogo inayotembea polepole shambani inaweza isipate moto kamili asubuhi nzima. Kompyuta ya injini inadhani bado ni mapema, inaendelea kumwaga petroli nyingi kupita kiasi. Mvuke wa maji unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha. Fungua kifuniko cha oili utakuta utando wa rangi ya maziwa, na mtu atakuambia gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imekufa kumbe bado nzima. Hata hoja ya kuzuia kuchemsha haisimami wima. Kwenye injini nyingi thamostati ina sahani ya pili chini, inayofunga njia ya mkato pale njia ya rejeta inapofunguka. Ukiiondoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta hata kidogo, na siku ya mlima mkali gari linachemsha vilevile.

Lakini fundi aliyeitoa hakuitoa kwa uchawi. Nilimuuliza kijana, akasema bagi ilikuwa ikichemsha msimu wa kuvuna nyasi, ndipo wakapewa dawa hiyo na ya feni direct kwa pamoja. Basi nikaenda mbele. Rejeta ya bagi hukaa chini, nyuma ya bampa, na hapo hula kila kitu: tope, vumbi, makapi ya nyasi, mbegu. Kwa mbele ilionekana safi. Nilipoingiza tochi upande wa nyuma, kati ya rejeta na feni, nilikuta zulia zima la nyasi kavu limegandamana na tope, hewa haipiti hata kwa kubembeleza. Hicho ndicho kilikuwa kinachemsha injini. Ikatolewa thamostati, ikafungwa feni direct, nyasi zikaachwa palepale, na dereva akaanza kujifunga shuka.

Rejeta huoshwa kwa maji ya kawaida ya mpira, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili taka itoke ilikoingilia. Mashine ya kuoshea magari kaa nayo mbali. Presha yake inakunja mapezi, na mapezi yaliyokunjwa yanaziba kuliko tope. Yaliyokunjika tayari tuliyanyoosha kwa kisu butu, moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuketi kwenye kigoda na kunyamaza.

Kofia ya rejeta nayo nilibadilisha, na hapa mwinuko wa nchi unaingia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Maji ya sufuria huchemka kwa kama nyuzi 94. Tigoni, juu ya mita 2,000, ni karibu 93. Kinachoiokoa injini ni presha: kofia nzima inayoshikilia kama baa 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini na zaidi. Raba ya kofia ikichakaa, presha haipo, na maji yanachemka mapema kuliko ambavyo yangechemka Mombasa. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huo, na ndiyo ya mwisho kukumbukwa.

Mwinuko huohuo una kichekesho chake. Thamostati mpya au kuukuu hupimwa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, na thamometa kando yake, uone inafunguka nyuzi ngapi. Niliyoweka ilikuwa ya 82, ikaanza kufunguka vizuri mbele ya macho ya kijana. Ila zipo thamostati za magari ya kisasa zilizoandikwa 95. Hizo ukizipima kwa sufuria Nairobi hazitafunguka kamwe, kwa kuwa maji yenyewe hayafiki huko, na najua nzima ambazo zimetupwa kwenye pipa kwa hukumu hiyo.

Maji yaliyokuwemo yalikuwa ya borehole, rangi ya chai ya rangi. Maji hayo yana madini, na bila kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya injini, chuma kinapata kutu. Njia za kijirejeta cha hita ni nyembamba kuliko za rejeta kubwa, kwa hiyo uchafu unaanza kuziba huko. Kijirejeta tulikisukumia maji kinyume, yaingie yanakotokea, kwa presha ndogo, mpaka yakatoka meupe. Kisha kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Ilibaki njia ya mabomba, ambayo kwangu ndiyo kasoro kubwa ya hita nyingi za kuongezwa. Aliyeifunga hii alikata mpira mkubwa unaokwenda kwenye rejeta na ule unaorudi, akapachika viungo vya T, akaning'iniza hita katikati. Ni rahisi na inaonekana nadhifu. Lakini sasa hita inangoja thamostati ifunguke ndipo ipate maji moto, na ikifunguka, maji yanachagua njia pana ya rejeta badala ya kijibomba chembamba cha hita. Maji, mchana kutwa, hufuata njia yenye ukinzani mdogo. Hita inatakiwa ilishwe kutoka kwenye hedi, kabla ya thamostati, na irudishe upande unaovutwa na pampu. Hapo inapata joto dakika za mwanzo, rejeta ikiwa bado imefungiwa nje. Jirani yangu wa leith alichonga kichuchu cha shaba, tukakifunga kwenye tundu lililokuwa na plagi karibu na nyumba ya thamostati, na zile T zikaenda kwenye debe la vyuma chakavu. Bomba zinazopita chini ya sakafu tulizivika ile sponji nyeusi ambayo mafundi wa eyakondishena huvika mirija ya shaba. Safari ya kutoka injini ya nyuma mpaka deshibodi ni ndefu, na upepo wa chini huiba joto njia nzima.

Hewa ndani ya mfumo ni adui mwingine. Kwenye bagi hii hita iko juu kuliko rejeta, na hewa hupenda kukaa juu, kwa hiyo inajificha ndani ya hita hasa. Tulipandisha magurudumu ya mbele juu ya ngazi za chuma, mdomo wa rejeta ukawa ndio kilele, tukajaza polepole huku injini ikiguruma na kijana akibana mipira kwa mkono, mpaka mapovu yakaisha. Hiyo hufanywa injini ikianza baridi. Kofia ya rejeta iliyopata moto haifunguliwi, na nimewaona wenye makovu.

Ungedhani hapo kazi imekwisha. Maji sasa yalichoma mkono, hita ikapuliza moto, na ukiendesha kabini bado ilikuwa na ubaridi miguuni. Hapa ndipo ningemshauri mtu yeyote mwenye bagi aanzie, kama hana pesa za kuanzia kwingine. Niliwasha kijiti cha udi, vile vinavyouzwa Ngara, nikafunga zipu za milango, kijana akawasha kipulizio nje kuelekea mbele ya gari, nami nikazungusha moshi polepole ndani. Moshi unaokwenda wima unakuambia hapo pazima. Kwenye tundu la pedali ya breki ulipinda kama umepigwa kofi. Kwenye ukingo wa kifuniko cha injini nyuma ya viti ulisukumwa usoni kwangu. Pembe za chini za milango, matundu ya waya, pale kioo cha mbele kinapokutana na bomba la fremu, kote moshi ulitawanyika.

Gari likitembea, nyuma ya kabini huwa na presha ndogo, na presha hiyo huvuta hewa kupitia kila ufa. Hita inapasha hewa, ufa unaitoa. Tulinunua raba za milango Kirinyaga Road kwa mita, raba za kuziba matundu ya waya, na kipande cha mpira wa kukanyagia tukakikata kizunguke pedali. Pesa iliyotumika hapo haikufika ya ile feni kubwa aliyotaka mama, na tofauti yake kijana aliisikia kabla hajafika kona ya kwanza.

Ule ufa wa nyuma ulinitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Injini na ekzosi viko hukohuko. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kabini unayoizidi kuiziba ni kabini unayopaswa kuhakikisha haivuti moshi. Tulikagua gasketi na maungio yote ya ekzosi, tukaziba ukuta wa nyuma kabla ya kuziba mbele, na mdomo wa kuvutia hewa ya hita tukaupeleka mbele, mbali na injini. Na kwa kuwa tuko kwenye hilo: jiko la makaa halipandi kabini, hata kama ni dakika tano, hata kama milango ni ya turubai. Kila msimu wa baridi nchi hii inazika watu waliolala na jiko chumbani.

Kijana pia alikuwa na hita ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, aliyoinunua kwa mchuuzi. Tundu hilo huwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 15, yaani wati 120 hadi 180. Linganisha na zile kilowati 3 za maji. Inafaa kuyeyusha ukungu sehemu ndogo ya kioo, na hata hapo inashindania umeme na taa za mbele, kwa sababu jenereta ya bagi ni ndogo.

Ukungu wa kioo ndio bei ya kuziba vizuri. Watu wawili waliovaa makoti yaliyoloa umande wanapumua ndani ya kisanduku kisichovuja, kioo kinakuwa cheupe. Hita iliyovuta hewa ya ndani tu ilikuwa inarudisha unyevu uleule. Tuliweka kilango kwenye mdomo wa hewa: asubuhi kifunguliwe chote, hewa ya nje ipashwe na kuelekezwa kwenye kioo, kioo kikishatakata kifungwe nusu. Hewa baridi ya nje, hata ya ukungu, ikipashwa nyuzi ishirini huwa kavu ya kutosha kunywa unyevu wa kioo.

Mama alipokuja kuichukua, thamometa ya jikoni kwenye tundu la hewa ilisoma nyuzi 54, feni ileile ya zamani ikiwa kwenye spidi ya pili. Nilimwambia ukweli wa upande wa pili pia: bagi ikisimama langoni ikiguruma tu, pampu inazunguka polepole na hita itapungua, kwenye mteremko mrefu wa kuachia mafuta, itapungua tena. Injini ndogo isiyofanya kazi haina joto la kugawa. Na nyasi zitaingia tena kwenye rejeta, kwa hiyo ioshwe kila wanapomaliza kuvuna.

Siku chache baadaye kijana akanipigia simu alfajiri, sauti ya hofu. "Mzee, hii gari inachemsha. Sindano ya joto imepanda."

"Imepanda mpaka wapi?"

"Katikati. Haijawahi kufika hapo tangu nianze kuiendesha."

"Na mikono yako ikoje?"

"Iko sawa, Mzee. Hata shuka nimetoa."

Nikamwambia sindano hapo ndipo inapotakiwa kukaa, aendelee na maziwa yake, na mtu yeyote akimwambia afungue zile boliti mbili, anipe namba yake.